Isipokuwa Pale

Jumatatu, siku ya 1

Hoteli imefunguliwa leo. Ubao wa korido ya wafanyakazi umefutwa na kuandikwa 1 kwa chaki mpya. Sisi huku juu mlimani hatuna tarehe nyingine: tangu mlango mkubwa ufunguliwe hadi ufungwe ni siku tisini, na mtu akiniuliza nilizaliwa lini humjibu siku ya 38. Msimu huu ni wa mia tangu hoteli ijengwe kwa ajili ya watu wa bondeni wanaokimbia joto. Ni wa kumi na sita tangu nipokee uwanja wa gofu kutoka mikononi mwa Baba.

Meneja mpya alitukusanya jikoni. Jina tumeshampa, Ratiba, maana nadhani hata kupiga chafya amekutengea dakika zake. Siku ya 80 kutakuwa na sherehe ya miaka mia, mashindano makubwa, na kitabu cha historia ya hoteli. "Kila mmoja wenu ni sehemu ya historia hii," akasema. Mpishi mkuu akaninong'oneza, "Yangu mimi ni vitunguu."

Mimi na wenzangu watatu tulikuwa tumeshakata mashimo yote kumi na nane kabla wageni hawajashuka kwenye magari. Ukungu ulipopanda uwanja ulionekana safi, nikajisikia vizuri.

Nyumba yetu iko chini ya uwanja, kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi. Baba hukaa dirishani. Amekula chumvi nyingi, miaka themanini na mitatu, na tangu nyonga yake iharibike hajapanda tena huko juu. Sijavua hata buti akaniuliza lile analoniuliza kila siku kwa miaka kumi na sita.

"Umepaacha pale?"

"Nimepaacha, Baba."

Pale ni kwenye shimo la saba. Kuna ulimi wa nyasi ndefu unaoshuka mteremkoni kabla ya kufika kwenye bendera. Baba hakuukata muda wote wa uongozi wake, na aliponikabidhi kazi alinikataza nisiukate. Sababu hakunipa. Hata kwenye kadi ya alama kuna sheria yake: mpira ukiingia kwenye nyasi ndefu za shimo la saba umepotea, hautafutwi. Wageni huambiwa kuna nyoka. Nimefanya kazi pale nusu ya umri wangu na sijaona hata mjusi.

Alhamisi, siku ya 4

Mvua. Sikukata.

Jumamosi, siku ya 6

Mwandishi wa kitabu amefika. Ni binti mdogo, penseli imechomekwa kwenye nywele, na viatu vyake havitamaliza wiki huku kwetu. Amepewa chumba namba kumi na moja na meza kwenye stoo ya majalada. Akaniuliza kama nina kumbukumbu zozote za uwanja. Nikamwambia ninayo madaftari ya kukata nyasi, akitaka kulala usingizi mzuri.

Jumatano, siku ya 10

Hakulala. Ameyasoma.

Daftari la kukata ni kitu ambacho sisi watu wa nyasi hukiandika kila jioni kabla ya kufunga banda: shimo gani limekatwa, kwa urefu gani, hali ya udongo. Baba aliandika miaka arobaini na saba. Mwandishi alinijia bandani akiwa ameyakumbatia matatu, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Mama, huyu mzee aliandika jambo moja kila siku. Tazama. 'Shimo la saba, limekatwa, isipokuwa pale.' Kesho yake, 'isipokuwa pale.' Miaka yote. Na wewe pia unaandika hivyo hivyo."

"Ndivyo linavyoandikwa."

"Pale ni wapi?"

Nikampeleka. Akasimama kwenye nyasi zilizomfika magotini, akatoa picha kuukuu iliyopigwa kutoka veranda. Akaitazama picha, akatazama mteremko.

"Zamani palikuwa papana zaidi," akasema.

Nikamjibu kwamba picha za zamani hudanganya. Aliyedanganya ni mimi. Humu ndani hakuna anayesoma, kwa hiyo niandike: msimu wangu wa pili wachezaji walilalamika kwamba ulimi ule unawamezea mipira. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kushika uwanja huu na nilitaka kusifiwa. Nikamega upande wa kushoto upana wa mashine moja, ambao ni hatua mbili. Meneja wa wakati ule akanisifu. Msimu uliofuata nikamega tena. Nilifanya hivyo misimu kumi na mmoja, kidogo kidogo, na hakuna aliyeona. Zilikuwa hatua thelathini, sasa ni nane. Nikaachia hapo kwa sababu zilizobaki zimekaa juu ya mawe.

Na kila jioni nimekuwa nikimwambia Baba nimepaacha. Nilijiambia si uongo, maana pamebaki.

Jumanne, siku ya 16

Wageni mia mbili na kumi. Shimo la tatu lina ukungu wa majani, nimelinyunyizia dawa. Baba amekula vizuri.

Jumatatu, siku ya 22

Ratiba ametandaza ramani juu ya meza ya mapokezi na kutuita wakuu wa idara. Anataka bwawa. Liwe kwenye mteremko wa shimo la saba, lionekane kutoka veranda, wageni wa sherehe wapige picha maji yakiwa nyuma yao. Mchoro wake umekaa katikati ya nyasi ndefu hasa.

"Mama Nyasi, kile kichaka tunakiondoa," akaniambia. "Nimeuliza watu wote, hakuna anayejua kazi yake."

Mama Nyasi ni mimi. Nikasema nitapima udongo kwanza.

Jumanne, siku ya 23

Nimemwambia Baba habari za bwawa. Nilitarajia ang'ake, maana kwa mambo ya uwanja ni mkali hata leo. Hakung'aka. Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, na midomo ikaanza kuchezacheza kama inavyofanya anapokuwa peke yake. Siku zote nimedhani anahesabu hatua, ugonjwa wa watu wa kazi yetu.

"Usiwaache wachimbe pale," akasema.

"Kwa nini, Baba? Nipe sababu nikawaambie."

"Mimi ni baba yako. Hiyo ndiyo sababu."

Nilitoka nje nikaubamiza mlango. Nina miaka hamsini na mbili. Maisha yangu yote nimeishi na mtu mwenye mdomo mzito kuliko jiwe, anayeniamini kwa mashine na haniamini kwa maneno. Nilimkasirikia sana, na hasira hiyo bado ninayo ninapoandika.

Jumatano, siku ya 31

Nimeshinda!

Nilimpeleka Ratiba mteremkoni nikampigia nondo ardhini ndani ya nyasi ndefu. Ikagonga mwamba. Nikapiga tena, mwamba. Kisha nikamsogeza kushoto, hatua kumi hivi, nikamwachia apige mwenyewe. Nondo ikazama hadi mkononi.

"Hapa udongo ni laini mno," akasema.

"Laini, hauna jiwe, utadhani paliwahi kulimwa. Weka bwawa lako hapa. Kile kichaka kiache kama ukuta wa nyuma, picha zitapendeza zaidi."

Akafikiri, akatoa kalamu, akahamisha mchoro. Nadhani nilimhukumu haraka. Ukimletea sababu anasikia, na alinishukuru mbele ya wenzangu.

Nikashuka nyumbani karibu nikikimbia. Baba akaniuliza umepaacha pale, nikamjibu kwa sauti, "Nimepaacha, na pataachwa! Bwawa limehamishwa, Baba. Hawatagusa hata jani moja." Akanishika mkono, akauweka shavuni kwake. Hajawahi kufanya hivyo tangu nikiwa mtoto.

Alhamisi, siku ya 32

Jua. Nimekata mashimo tisa nikiimba.

Jumanne, siku ya 44

Mwandishi amekuja bandani na uso usio na mzaha. Nilikuwa nimezoea kumtania kuhusu viatu vyake, leo sikuthubutu. Amepata kitabu cha wageni cha miaka sitini na sita iliyopita. Mgeni mmoja ameandika: tunaipongeza hoteli kwa kupanua shimo la saba kwa muda mfupi hivyo, siku kumi na mbili tu, na nyasi zimeota vizuri.

"Sasa tazama hili." Ni jalada la wafanyakazi la msimu huo huo. Siku ya 41, majina kumi na saba yamepigwa mstari mmoja mrefu kwa rula, na pembeni imeandikwa: wameacha kazi.

"Watu kumi na saba waache kazi asubuhi moja, Mama?"

"Labda waligoma."

"Labda. Jina la tisa lina ubini wa baba yako."

Jina hilo nalijua. Ni la bibi yangu, mama yake Baba, ambaye niliambiwa alikufa kwa homa kabla sijazaliwa. Alikuwa dobi wa hoteli.

Nilimuuliza Baba jioni. Akageuza kiti, akanipa mgongo.

Jumatano, siku ya 45

Hataki kusema. Nimemuuliza mara mbili.

Jumapili, siku ya 49

Mvua siku tatu mfululizo. Baba haangalii uwanja, anaangalia mlima juu yake.

Jumatatu, siku ya 57

Mashine ya kuchimba imepanda leo, ile tunayoiita kijiko. Dereva wake ni mtu mnene mcheshi, ameshaomba supu jikoni mara mbili. Anaanza kesho asubuhi. Nimepigilia vigingi na kufunga kamba nyekundu kuzunguka nyasi ndefu, zile hatua zangu nane, ili asizikaribie.

Jumanne, siku ya 58

Naandika haya mchana, nimejifungia bandani. Nisipoandika leo nitakuja kujidanganya.

Kijiko kilianza saa moja na nusu. Udongo ulitoka kwa urahisi, mweusi, bila jiwe, kama nilivyoahidi. Wageni walikuwa wakinywa chai kwenye veranda na wengine walitupungia mikono. Kwenye kina cha kama kimo cha mtu, meno ya kijiko yakakwaruza chuma. Dereva akashusha taratibu. Ilikuwa pasi ya mkaa, kubwa, yenye nembo ya hoteli kwenye kifuniko. Nikacheka. Nikasema hata mlima unapiga pasi.

Kijiko kilipoinuka tena kilikuwa na mbao zilizooza, sahani ya bati, na mfupa wa mguu wa mtu ndani ya buti.

Dereva akazima injini. Akashuka, akavua kofia, akakaa chini palepale kwenye tope. Ule ucheshi wote ulimwisha. "Mimi sichimbi tena, dada," akasema. "Hata wanifukuze."

Ratiba alikuja akitembea haraka bila kukimbia, kwa sababu wageni walikuwa wakimwangalia. Akachungulia shimoni. Niliona rangi ikimtoka usoni. Kisha akanivuta pembeni.

"Zimebaki siku ishirini na mbili kufika sherehe. Ukifukia sasa hivi na ukapanda, nyasi zitaota kwa siku ngapi?"

"Kumi na nne," nikasema.

Nilimjibu bila kufikiri, kama fundi anayeulizwa kuhusu kazi yake. Nilishapiga hesabu ya mchanga, ya mbegu ya kuota haraka, ya kumwagilia asubuhi na jioni. Ningeweza kupafanya papendeze hivi kwamba mimi mwenyewe nisingepatambua.

"Basi funika," akasema. "Msimu bado mrefu. Mambo mengine tutayashughulikia hoteli ikifungwa."

Nikasema naenda kuchukua mbegu. Na kweli nilikwenda. Nilifungua gunia bandani, nikatumbukiza mkono, nikaziacha mbegu zipite kati ya vidole. Ndipo nikakumbuka yule mgeni na pongezi zake za siku kumi na mbili. Nikaliacha gunia wazi nikashuka nyumbani.

Baba alikuwa amesimama. Alikuwa amesikia injini ikizimwa.

"Wamepata nini?"

"Pasi ya mkaa, Baba. Na mtu."

Akakaa. "Ulisema hawatagusa."

"Hawakugusa nyasi ndefu. Ni pembeni yake, upande wa kushoto."

"Kushoto hatua ngapi?"

"Kumi."

Akafumba macho. Alikuwa akipatembelea kichwani, nilimwona. Alianzia kwenye lile jiwe lenye ufa ukingoni mwa nyasi ndefu, akaelekea msonobari. Alipoyafumbua aliniangalia kwa namna ambayo sijawahi kuangaliwa.

"Kutoka kwenye jiwe lenye ufa hadi kwenye msonobari ni hatua thelathini," akasema. "Pembeni yake ni msituni. Hakuna kushoto." Kisha akaniuliza, polepole, "Umepaacha pale?"

Nikapiga magoti nikamwambia yote. Misimu kumi na mmoja, hatua mbili mbili, na sifa za meneja. Nikamwambia pia kwamba mimi ndiye niliyemwonyesha Ratiba pa kuchimba, na nikajisifu.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, afadhali angenipiga na bakora yake. Kisha akasema kila kitu, kwa sauti ile ile anayotumia kunieleza jinsi ya kunoa visu vya mashine.

"Mabanda yetu yalikuwa pale. Mvua ilinyesha siku nne. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nilitoka alfajiri kwenda kusawazisha mchanga shimo la kwanza. Wageni walipokuwa wanakula mkate, mlima ukashuka. Haukupiga hata kelele kubwa. Tulichimba kwa mikono siku mbili, tukatoa wawili wazima. Siku ya tatu tukaambiwa basi. Wageni wasijue, watahama. Wengi wa waliokuwa chini walitoka mbali, walikuja kwa msimu tu, nani angewauliza? Tukaletewa mchanga. Tukaletewa mbegu. Nilipewa ndoo, nikaambiwa nirushe. Nikarusha. Nilipanda nyasi juu ya mama yangu, mwanangu, na zikaota vizuri. Yule meneja akanishika bega akaniambia kazi nzuri."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Tuliambiwa atakayesema atamwaga unga na nyumba ataihama. Nikanyamaza. Miaka mitatu wageni walicheza gofu juu yao. Waliponipa mashine, nikasema pale magurudumu yanazama, sipiti. Hilo tu ndilo nililoweza. Baadaye ukazaliwa, ukala mkate wa hoteli, ukasoma kwa hoteli. Ningekwambia nini?" Akapumua. "Nilidhani nikikuachia nyasi, inatosha."

Kisha akasema, "Nipeleke juu."

Naishia hapa. Dereva wa kijiko ananiletea kigari cha kumpandishia Baba.

Jumatano, siku ya 59

Jana nilimpandisha kwa kigari cha kubebea fimbo za gofu, nimemfunga mkanda kiunoni. Ilikuwa saa tisa. Tulipita mbele ya veranda nzima. Mwandishi alitoka mbio kwenye stoo ya majalada akatufuata kwa miguu, viatu mkononi.

Baba alitaka kuteremshwa kwenye ukingo wa shimo. Alivua kofia. Midomo ikaanza kucheza, na safari hii ikatoka sauti. Hakuwa anahesabu hatua. Miaka yote hiyo alikuwa anataja majina. Aliyataja kumi na saba, kila jina na kazi yake: mchoma mkate, fundi wa bomba, wafyekaji wanne waliokuja pamoja, msichana wa vyumba aliyekuwa aolewe msimu ukiisha, na wa mwisho dobi, mama yake. Mwandishi alikuwa amefungua nakala ya lile jalada. Hakusahihisha hata moja. Majina siyaandiki humu. Yako kwenye daftari la kukata, ukurasa wa jana, nilikoyaandika yeye akitaja.

Ratiba alikuja akiwa amekasirika, kisha akasimama. Wageni kadhaa walikuwa wameshateremka kutoka veranda na fimbo zao mkononi, wakasimama pia. Akachuchumaa mbele ya Baba, suruali yake ikagusa tope.

"Mzee, aliyeamuru wafukiwe alikuwa nani?"

"Meneja."

"Alisemaje?"

Baba akafikiri. Si mtu wa kutia chumvi. "Alisema msimu bado mrefu."

Ratiba alipoinuka hakuniangalia mimi wala Baba, alitazama bendera ya shimo la saba. Akaenda, akaing'oa, akaikunja, akaniambia niwazuie watu wasipite. Kisha akaenda ofisini kupiga simu polisi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia maisha yangu yote, na sasa sijui nimweke wapi.

Nilimrudisha Baba nyumbani, nikamvua viatu, nikampa chai. Nilingoja aniulize. Hakuuliza.

Alhamisi, siku ya 60

Hakuuliza.

Jumamosi, siku ya 62

Polisi wawili na daktari wa serikali. Wametoa waliofikiwa na kijiko, watu watatu, na kuchukua maelezo ya Baba ukurasa mmoja na nusu. Yule mkubwa alikunja karatasi kwa heshima. Wageni arobaini wameondoka kabla ya wakati. Wengine wamebaki na wanauliza maswali hata kwa watandika vitanda.

Baba anakula, anajibu salamu, anasema asante. Ananiambia mambo yote isipokuwa lile moja. Sikujua kwamba swali nililochoka nalo kwa miaka kumi na sita ndilo lililokuwa linanikaribisha nyumbani.

Jumatano, siku ya 66

Uwanja una mashimo kumi na saba sasa. Wachezaji wanatoka la sita kwenda la nane kwa njia ya juu, na hakuna aliyelalamika mbele yangu.

Jumapili, siku ya 70

Nilikwenda na kamba kwenye jiwe lenye ufa. Nikafunga, nikatembea hadi msonobari: hatua thelathini. Katika hizo, ishirini na mbili ni zulia nililolikata mwenyewe, laini, kijani, hata magugu hayana. Nimesifiwa sana kwa zulia hilo. Nililia, kisha nikapigilia vigingi vipya.

Jumanne, siku ya 72

Mwandishi amenisomea sura yake. Ratiba aliomba iwe nusu ukurasa. Mwandishi akamwambia basi na jina la mwandishi litolewe kwenye jalada la kitabu. Walivutana siku mbili, na Ratiba akakubali kurasa kumi na moja. "Na picha ya pasi," akasema Mwandishi. Nikamuuliza kama ameandika kwamba nilimega. Akasema hapana, hilo ni langu.

Nimekwenda bandani nikachukua madaftari yangu ya misimu kumi na mmoja. Kwenye kila ukurasa wa siku nilipomega nimeandika pembeni kwa wino mwekundu: pale palikatwa hatua mbili, na nikatia sahihi. Kisha nikampelekea Mwandishi.

"Weka," nikamwambia.

Jumatano, siku ya 80

Sherehe. Hakukuwa na mashindano. Asubuhi tuliwarudisha wale watatu walikotolewa, sisi wafanyakazi tukishika makoleo, wageni wakiwa wamesimama nyuma. Ndugu waliopatikana ni wa watu wanne tu kati ya kumi na saba, akiwemo ajuza mmoja, mdogo wake yule msichana wa vyumba. Alikuwa amepata barua zamani kwamba dada yake ametoroka na mwanamume. Amemkasirikia miaka sitini na sita. Alikaa karibu na Baba, wakashikana mikono.

Ratiba alitakiwa kuhutubia. Alisoma majina, akakaa.

Baba alirusha udongo kwa mkono wake. Mimi niliposogea kumsaidia kusimama, alishika bega la dereva wa kijiko.

Alhamisi, siku ya 81

Mvua. Sikukata.

Jumatatu, siku ya 85

Nyasi kwenye zile hatua ishirini na mbili zimeanza kuinuka. Bado zinajulikana, rangi yake ni tofauti na za kule mawe yalipo.

Jumamosi, siku ya 90

Mlango mkubwa umefungwa saa sita. Ubao umefutwa. Ratiba alizunguka kuaga kila idara, akanipa ile bendera ya shimo la saba ikiwa imekunjwa. Akasema mwakani hairudi. Mwandishi ameondoka na gari la mwisho, amevaa buti zangu za zamani.

Nilikata mashimo kumi na saba kwa mara ya mwisho, nikaosha mashine, nikapaka visu mafuta. Katika daftari niliandika: Shimo la saba, halikukatwa.

Nilishuka nyumbani nikaketi kizingitini kuvua buti. Baba alikuwa dirishani. Nilifungua kamba ya kwanza, nikafungua ya pili.

"Umepaacha pale?"

Siku thelathini na mbili sikuwa nimeisikia sauti ile ikiniuliza.

"Nimepaacha, Baba. Hatua thelathini, toka kwenye jiwe hadi msonobari. Nimezihesabu."

Akatazama nje, juu, kule ambako ukungu ulikuwa unaanza kushuka.

"Kesho unipandishe," akasema. "Nikazihesabu mwenyewe."

Nimeshakifuta kigari.